Gari jipya, kilomita 1,000: sevisi ya kwanza ni kumwaga oili au ni kukaguliwa tu?

#1 MkaaziWaMukono (mwanzisha uzi)

Salamu, wanajukwaa.

Huu ni mwezi wa pili tangu nichukue gari jipya la petroli, injini ya lita 1.5, kwa wakala mmoja mjini Kampala. Ni gari jipya la kwanza katika ukoo wetu. Yote tuliyokuwa nayo kabla ya hili yalitumika Japani kwanza, yakashushwa Mombasa, yakatufikia yakiwa na historia tusiyoijua, na kwa sababu hiyo tulikuwa na desturi ya kumwaga oili siku ileile gari lilipoingia nyumbani, bila kumuuliza mtu.

Juzi mita ilifika kilomita 1,040 nikaitwa kwa sevisi ya kwanza. Gari lilikaa ndani ya gereji yao dakika hamsini. Karatasi niliyopewa inasema kwamba nati za magurudumu zimekazwa, upepo wa tairi umerekebishwa, oili, maji ya rejeta na mafuta ya breki vimepimwa, na kompyuta haikuona hitilafu yoyote. Oili haikubadilishwa, na sikulipa hata shilingi. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba itamwagwa kwenye kilomita 5,000.

Jirani yangu, mzee aliyeendesha malori kwa miaka mingi kati ya Malaba na Kampala, aliposikia hivyo alisikitika waziwazi. Anasema injini mpya hujisaga yenyewe kwa vipande vya chuma, na kila siku ninayochelewa ninaula uhai wake. Nimeweka akiba ya miaka saba kwa ajili ya gari hili, kwa hiyo naomba kuelezwa: nani kati yao ana haki, na mtu atarajie nini hasa katika sevisi ya kwanza?

#2 FundiWaKawempe

Jirani yako ana haki. Nimefungua injini kwa miaka kumi na tisa, na naweza kukueleza kinachotokea ndani. Kuta za silinda za injini mpya zina mikwaruzo myembamba iliyowekwa kiwandani kwa makusudi, ili ringi za pistoni zisuguane nazo hadi zikae sawasawa. Msuguano huo hutoa unga wa chuma, na sehemu kubwa ya unga huo hutoka katika kilomita mia chache za mwanzo. Filta hukamata chembe kubwa, lakini zile ndogo kabisa hupenya na kuendelea kuzunguka pamoja na oili, zikipita kwenye beringi na kila mahali. Kwa nini uzibebe hadi 5,000 wakati galoni moja ya oili na filta moja zinakuondolea shaka?

Mimi humwaga kwenye 1,000, halafu 5,000, kisha naendelea na ratiba ya kawaida.

#3 BintiWaNyanza

Ndugu Mkaazi, hongera kwa gari. Kaka Fundi, namheshimu mtu aliyefungua injini kwa miaka kumi na tisa, ila injini nyingi unazofungua zimeshatembea kilomita laki mbili na zaidi, na uchafu unaoukuta humo haukuanzia kwenye kilomita 1,000.

Nimesomea uhandisi wa mitambo, na sasa ninasimamia magari ya kampuni moja huku Entebbe. Silinda za leo hukatwa kwa mashine zinazodhibiti vipimo vizuri zaidi kuliko zile za miaka ya 1970, na injini huoshwa kabla ya kufungwa. Unga wa chuma upo, sikatai, lakini ni mchache kuliko tunavyodhani. Zaidi ya hayo, wakati wa kuunganisha injini, vyuma hupakwa vilainishi maalumu, mara nyingi vyenye molibdenamu, na vilainishi hivyo huyeyuka na kubaki ndani ya oili ya kiwandani vikisaidia katika kipindi cha kuzoeana. Honda, kwa mfano, huwaambia wenye magari yake wasiimwage mapema oili waliyokuja nayo. Mtu anayeimwaga kwenye 1,000 huenda anatupa kitu alicholipia.

Kwa hiyo wakala hakukudanganya. Alifanya ukaguzi, na ukaguzi ndio sevisi ya kwanza kwa magari mengi ya sasa.

#4 BodaWaGulu

Samahani kwa kuingilia mambo ya wenye magari. Pikipiki yangu ya Bajaj Boxer nilipoinunua mpya, kitabu chake kilitaka sevisi ya kwanza kati ya kilomita 500 na 750, na oili ilimwagwa. Ilitoka ikiwa nyeusi na inametameta kama mchanga wa mtoni. Kama pikipiki inamwagwa mapema hivyo, kwa nini gari lenye silinda nne lingoje 5,000?

#5 MzeeWa404

Kijana wa Gulu ameuliza vizuri. Katika miaka yetu hakukuwa na mjadala. Marehemu kaka yangu alikuwa na Peugeot 404 hapa Masaka, na kitabu chake kilitaka oili imwagwe gari likiwa bado changa kabisa, na mtu aliyechelewa alionekana mzembe. Gari lile lilipita Lukaya wakati maji yamefunika barabara na halikuzima. Ndizo zilizoshinda Safari Rally mwaka 1965, wakati mashindano yalipokuwa yakipita hapa kwetu Uganda.

#6 KaraniWaJinja

Mzee wetu, shikamoo. Kila uzi ukigusa injini, ile 404 hupita mlangoni kutusalimia, nasi huipokea kwa furaha. Ila turekebishe kumbukumbu: mwaka 1965 aliyeshinda ni Joginder Singh akiwa na Volvo PV544. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968.

Nikirudi kwenye hoja, mwongozo wa 404 uliandikwa kwa ajili ya oili za wakati huo na vyuma vya wakati huo. Hatuwezi kuuchukua na kuuweka juu ya injini iliyotengenezwa juzi.

#7 MzeeWa404

Marahaba. Nimekubali kuhusu 1965, asante kwa kunirekebisha. Kuhusu vyuma sijakubali. Chuma kipya kikisuguana na chuma kipya kitatoa unga, iwe mwaka 1968 au leo.

#8 BintiWaNyanza

Nimjibu ndugu yetu wa Gulu (#4), kwa sababu swali lake ni zito kuliko linavyoonekana. Katika pikipiki ya aina hiyo, oili moja, isiyozidi sana lita moja, inalainisha injini, giaboksi na klachi kwa pamoja. Meno ya gia yanapozoeana hutoa chuma chao, klachi nayo huacha unga wake, na vyote hivyo humwagikia katika kikombe kimoja kidogo. Gari lina giaboksi inayojitegemea na oili yake yenyewe, na injini ya lita 1.5 hubeba oili mara tatu au nne ya ile ya pikipiki. Kung'aa ulikokuona ni kweli kabisa, ila sehemu yake kubwa huenda ilitoka kwenye gia.

#9 BodaWaGulu

Nimekuelewa, dada. Lakini hapo umenieleza kwa nini pikipiki iwahi. Hujanieleza kwa nini gari lichelewe.

#10 DerevaWaArua

Wote mnahesabu kilomita, na mimi nadhani kosa linaanzia hapo. Nimeendesha magari ya mashirika Nile Magharibi na Karamoja, na kila mwaka tulipewa mengine mapya kabisa. Fungueni mwongozo wowote wa gari, mtakuta ratiba mbili: moja ya matumizi ya kawaida, na nyingine, ambayo watu wengi huiruka, ya matumizi magumu. Matumizi magumu yameandikwa wazi: barabara za vumbi na matope, safari fupi za kila mara, kuvuta au kubeba mizigo mizito, na kusimama muda mrefu injini ikinguruma. Sasa niambieni ni gari gani la Uganda lisilo na angalau mawili kati ya hayo.

Ndugu Mkaazi anatoka Mukono kuingia Kampala kwa Barabara ya Jinja. Ni kilomita ishirini na kitu, na asubuhi zinaweza kula saa moja na nusu. Tuseme wastani wake ni kilomita 15 kwa saa: kilomita zake 1,000 ni saa 67 za injini. Mtu anayetoka Kampala hadi Gulu kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa huzimaliza kilomita hizohizo kwa saa 17 hivi. Mita za magari hayo mawili zinasoma namba moja, lakini injini moja imefanya kazi mara nne ya nyingine. Ndiyo maana jenereta na matrekta huhesabiwa kwa saa.

Kwa hiyo jibu langu si 1,000 wala 5,000. Uliza gari limefanya kazi wapi na kwa muda gani.

#11 MamaWaBusia

Naomba tusitumie uzi wote kwa oili, maana mwenzetu ameuliza pia mtu atarajie nini, na ukaguzi huo wa bure ndio ulioniokoa.

Gari langu lilipofika jipya lilikuwa gumu kama mkokoteni. Kila shimo la barabara ya Busia hadi Iganga lilipiga mgongo wangu, nami nikadhani ndivyo magari mapya yalivyo, springi hazijalainika. Kwenye ukaguzi wa kilomita 1,000 nilieleza hivyo, fundi akaliinua, akakuta vipande vya kuzuia springi, vile vinavyowekwa kiwandani ili gari lisiyumbe ndani ya meli, bado vimo mahali pake. Waliolikabidhi walipaswa kuvitoa na hawakuvitoa. Tairi nazo zilikuwa na upepo wa safari ya baharini, juu sana kuliko kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Nilikuwa nimeendesha hivyo kwa wiki sita, nikiwa nimebeba watoto.

Kwa hiyo msiudharau ukaguzi kwa sababu tu hakuna oili iliyomwagwa. Kabla ya kwenda, andikeni kila mlio, kila mtetemo, kila kitasa kinachogoma, na mwambieni fundi mbele ya gari. Kisichosemwa hakitafutwi.

#12 FundiWaKawempe

Mama Busia, hapo sina neno la kupinga. Nimewahi kuviona vipande hivyo kwenye gari la mteja lililokuwa na miezi minane.

Niongeze machache. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana inayopima nguvu, si kwa bomba refu na uzito wa fundi. Magari madogo mengi yanataka nyutoni-mita 100 hadi 120, na zikizidishwa sana diski za breki hupinda na dereva akahisi usukani unatetemeka akifunga breki. Betri ipimwe, kwa sababu gari jipya huweza kukaa bandarini na uwanjani kwa miezi betri ikijinyonya. Mabomba ya maji yaangaliwe kwenye maungio, na chini ya injini patazamwe kama kuna unyevu wa oili. Tairi pia zina tarehe: namba nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024.

Oili bado nasema imwagwe.

#13 MtunzaHesabu

Mimi si fundi, ni mhasibu, na naliona jambo hili kwa upande wa anayelipa. Mtengenezaji anapotangaza kwamba gari lake linataka oili kila baada ya kilomita 10,000 au 15,000, tangazo hilo linawalenga wanunuzi wa magari mengi kwa pamoja, ambao hulinganisha gharama za miaka mitatu ya mwanzo. Waranti nyingi nazo huishia miaka mitatu au kilomita 100,000. Baada ya hapo injini ikianza kula oili, hasara ni ya mwenye gari. Sisi Waganda hatuuzi gari baada ya miaka mitatu. Tunakaa nalo hadi watoto wamalize shule. Ratiba iliyopangwa kwa ajili ya mmiliki wa kwanza wa Ulaya haitutoshi.

#14 KaraniWaJinja

Mtunza Hesabu, hoja yako ina mguu mmoja. Wakala anapata faida kwenye kila chupa ya oili anayouza. Kama kumwaga kwenye 1,000 kungekuwa na faida kwa injini, yeye angekuwa wa kwanza kukwambia ulipe. Kumwacha mteja aondoke bila kulipa si tabia ya mtu anayetafuta fedha.

#15 MtunzaHesabu

Wakala hapangi ratiba, huifuata. Ratiba hutoka kwa mtengenezaji, na mtengenezaji ndiye mwenye haja ya kuonyesha kwamba gari lake ni la gharama ndogo. Ni watu wawili wenye maslahi mawili.

#16 DerevaWaArua

Na kuna jambo la dizeli ambalo halijatajwa. Dizeli yetu ni chafu, ina salfa nyingi, na salfa ikiungua huzaa asidi inayoila oili. Kwa pikapu ya dizeli nisingengoja hata kidogo.

#17 BintiWaNyanza

Kuhusu asidi uko sahihi. Kuhusu wingi wa salfa, habari hiyo imepitwa na wakati: tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, zilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Mafuta ya madumu kando ya barabara ni habari nyingine, na hayo sitayatetea.

#18 MamaWaBusia

Swali la haraka. Niliambiwa gari langu linatumia 0W-20, fundi wa mtaani akasema ni nyepesi mno kwa joto letu, W ikimaanisha uzito, akataka kuniwekea 15W-40. Ni kweli?

#19 BintiWaNyanza

Hapana, dada. W ni herufi ya majira ya baridi kwa Kiingereza. Namba iliyo kabla yake inaonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na namba ya pili inaonyesha uzito wake kwenye nyuzi joto 100. Injini ikishapata moto, joto la oili haliamuliwi sana na jua la nje. Busia au Kabale, oili hufikia nyuzi hizo au karibu nazo. Fuata daraja lililoandikwa kwenye mwongozo, na angalia ubora wake pia. Kwa petroli, API SP ni daraja lililoanza mwaka 2020. Wakati wa waranti, kuweka oili nzito isiyotajwa kwenye mwongozo ni kumpa wakala sababu ya kukukatalia dai lako.

#20 FundiWaKawempe

Kwa injini mpya nakubaliana na dada. Kwa injini iliyochoka nina maneno mengine, lakini si ya uzi huu.

Kuhusu waranti, watu wa Kisekka, soko la vipuri mjini Kampala, watakuuzia kila kitu, na vingine ni vizuri, lakini katika miaka ya waranti tunza kila risiti na hakikisha kitabu cha sevisi kimegongwa muhuri chenye tarehe na kilomita. Nimeona mtu akikataliwa giaboksi kwa sababu ya ukurasa mmoja mtupu.

#21 BodaWaGulu

Na namna ya kuendesha je? Sisi huambiwa tusibebe abiria wawili katika wiki za mwanzo.

#22 DerevaWaArua

Hata kwa magari ipo. Mwongozo wa Toyota, kwa mfano, unataka kilomita 300 za mwanzo usifunge breki kwa ghafla, hadi 800 usivute tela, na hadi 1,000 usiendeshe kasi ya kupindukia, usikanyage mafuta kwa ghafla, wala usikae na mwendo mmoja kwa muda mrefu. Hilo la mwisho watu hulisahau. Mtu huchukua gari jipya, akaingia barabara ya kasi ya Entebbe, akashikilia kilomita 100 moja kwa moja, akidhani analitunza. Ringi hukaa vizuri zaidi mwendo ukipanda na kushuka.

Na hapa, ndugu Mkaazi, jamu yako ya Barabara ya Jinja imekupa angalau hicho kimoja.

#23 MkaaziWaMukono

Nawashukuru wote. Nimesoma kila jibu mara mbili na nimemsomea jirani yangu pia.

Nimefanya mambo mawili. Kwanza, nimefungua mwongozo na kukuta ratiba mbili kama alivyosema Dereva wa Arua (#10). Kwa matumizi ya kawaida ni kilomita 10,000 au mwaka mmoja, kwa matumizi magumu ni 5,000 au miezi sita. Maana yake wakala alinipa ratiba ya matumizi magumu bila kuniambia, na ningependa kama angenieleza. Pili, nimevuta kijiti cha kupimia oili asubuhi gari likiwa limelala mahali tambarare. Kiwango kiko katikati ya alama mbili, rangi ni ya kahawia, na nilipoipaka kwenye karatasi nyeupe sikuona kitu kinachong'aa.

Jirani yangu anasema chuma kidogo hivyo hakionekani kwa macho. Dada Binti atasema hakuna cha kuonekana. Mimi nimeamua kumwaga kwenye 3,000 kwa gharama yangu, kwa oili ileile ya mwongozo, kwa wakala yuleyule ili muhuri ugongwe, nami nitaomba filta ya zamani nirudi nayo nyumbani, niikate na kuleta picha hapa.

#24 MzeeWa404

Umeamua kama mtoto wa watu. Niletee filta hiyo hata Masaka, nitaikata kwa msumeno wa chuma.

#25 BintiWaNyanza

Mzee wangu, tafadhali si kwa msumeno. Msumeno utamwaga unga wake wenyewe ndani ya filta, na hapo tutabishana mwezi mzima juu ya chuma kisichotoka kwenye injini. Kuna kikata filta chenye gurudumu, kinafanya kazi kama kifungua kopo. Kaka Fundi, unacho?

#26 FundiWaKawempe

Ninacho. Mkaazi, lete filta hapa Kawempe kabla hujaiosha, na usiifunge kwa kitambaa chenye nyuzi. Tutaikata mbele ya dada Binti kama atapenda kuja, tutanyoosha karatasi yake yote, na tutapitisha sumaku.